Mkeka Umechanika kwa Mechi Moja
Mkeka wa jakpoti wenye mechi 13 unaonekana mwepesi kwa sababu kila mechi ina majibu matatu tu: nyumbani, sare au ugenini. Lakini majibu hayo hayajumlishwi, yanazidishwa. Mechi mbili zina mikeka 9 tofauti, tatu zina 27, na ukifika ya 13 unakuta mikeka 1,594,323, ulio sahihi ukiwa mmoja. Mtaalamu wa kijiweni atapinga: timu hazilingani nguvu, na anayeujua mpira habahatishi. Ni kweli, tumpe haki yake. Tuseme anapatia mechi 6 katika kila 10, kiwango ambacho wengi wangejivunia. Zidisha 0.6 kwa yenyewe hadi zitimie 13, nafasi ya mkeka wake ni moja kati ya 766 hivi. Ujuzi umemsaidia sana, na bado haujamfikisha popote.

Mwingine atasema, "Wiki iliyopita nilikosa moja tu, nimekaribia." Haya, tuhesabu. Mechi ya kukosa yaweza kuwa yoyote kati ya 13, na kila moja ina majibu mawili ya makosa, hivyo mikeka ya kukosa moja ni 26. Ya kukosa mbili ni 312, maana kuna jozi 78 za mechi na kila jozi hukosewa kwa njia nne. Kukosa kidogo, basi, hutokea mara nyingi zaidi kuliko kupatia zote, wala matokeo ya wiki iliyopita hayaupi mkeka mpya nguvu yoyote. Na kwamba hutokea mshindi si ushahidi kuwa umekaribia: watu wakicheza mikeka mamilioni, huenda mmoja ukapatia, ila si lazima uwe wako.