Jani la Kufungia Biri: Nani Atalipia Wingu?

Mkulima wa tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa moto ndani ya banda liitwalo bani, akishalipa deni la pembejeo na la kuni, akaona kilichobaki mkononi, huanza kutega sikio kwa habari za tumbaku nyingine. Mojawapo ni ya jani la kufungia biri, ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Anaambiwa kilo moja ya jani hilo huuzwa ghali kuliko kilo ya mvuke, tena halihitaji kuni. Yote mawili ni kweli. Ila nimekaa na hesabu hii kwa muda mrefu, na kila nikiirudia nakuta gharama kubwa ambayo wanaoleta habari hawaitaji: wingu.

Biri ina tabaka tatu. Ndani kuna majani ya kujazia, katikati jani la kuyashika yasitawanyike, na nje jani la kufungia, ambalo ndilo mnunuzi analiona na kuligusa kabla hajawasha kitu. Hilo la nje linatakiwa liwe jembamba, livutike bila kuchanika, rangi iwe moja kuanzia kikonyo hadi ncha, na mishipa iwe midogo. Tundu la kiwavi lenye ukubwa wa punje ya mtama linalitoa kwenye daraja. Jani lililotolewa halitupwi, linakwenda kujazia, lakini kwa bei nyingine kabisa. Kwa hiyo usiulize kilo ya jani la kufungia ni shilingi ngapi kabla hujauliza: katika kilo mia nitakazovuna, ni ngapi zitakubaliwa kuwa za kufungia?

Wembamba huo hutokana na kivuli. Tumbaku inayopigwa na jua kali hufanya jani nene na gumu. Iliyo chini ya mwanga uliopunguzwa hutandaza jani pana na laini ili inase mwanga mdogo uliopo. Dunia imepata njia mbili za kuleta kivuli hicho, na hapo ndipo uchaguzi wako unapoanzia.

Njia ya kwanza ni kukinunua. Katika bonde la mto Connecticut huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima walishindwa kushindana na jani la Sumatra lililokuwa limeteka soko. Wakajenga mahema ya kitambaa chepesi juu ya mashamba yao, wakaigiza joto na unyevu wa Sumatra katika nchi yenye theluji. Kazi ilihitaji mikono mingi kiasi kwamba waliajiri wanafunzi wa likizo kutoka majimbo ya mbali. Martin Luther King alikuwa mmoja wao mwaka 1944, alipofanya kazi shambani Simsbury kabla ya kuanza chuo.

Njia ya pili ni kuhamia kwenye wingu lenyewe. Ekwado wanalima jani la kufungia chini ya mawingu yanayotanda juu ya nyanda zilizo kati ya Andes na bahari, bila hema. Na Afrika tunao mfano wetu. Mashariki ya Kameruni, upande wa Batouri, na ng'ambo ya mpaka katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakulima wadogo wamekuwa wakilima jani linaloheshimiwa na watengenezaji wa biri duniani kote. Kilimo hicho kilikua baada ya Vita Kuu ya Pili chini ya shirika la tumbaku la Ufaransa, kisha familia ya Meerapfel ya Ubelgiji ikakiendeleza. Jani lake ni dogo, jembamba, limejaa vipele vidogo vya mafuta unavyovisikia ukipitisha kidole. Hakuna hema. Ukungu na mawingu ya ukingo wa msitu vinafanya kazi ambayo Connecticut wanailipia kitambaa.

Sasa tuingie shambani kwa hesabu ya ekari moja. Ekari ni mita za mraba 4,047. Ukiitaka iwe chini ya hema, unahitaji kitambaa cha kufunika juu pamoja na kuta za pembeni. Kwa shamba la mraba lenye hema la kimo cha mita mbili na nusu, jumla inakaribia mita za mraba 4,700. Nguzo zikisimama kila baada ya mita 10 pande zote, utachimbia 60 hivi, na waya wa kuzifunga juu kwa juu. Nenda duka la pembejeo, uliza bei ya neti ya kivuli kwa mita ya mraba, zidisha kwa 4,700, kisha ongeza nguzo, waya na mafundi. Halafu kumbuka kwamba neti huchakaa kwa jua na kuchanwa na upepo, kwa hiyo gawa jumla hiyo kwa misimu mitatu au minne tu. Mkulima mdogo atakayefanya hesabu hii kwa karatasi na kalamu hatajenga hema, na mimi simshauri ajenge. Hema ni la kampuni yenye mtaji na mnunuzi wake mkononi.

Gharama ya pili ni mikono. Tuseme umepanda kwa nafasi ya mita 1.2 kwa nusu mita, nafasi ambayo wakulima wa mvuke wanaifahamu. Ekari itabeba miche 6,700 na ushee. Kila mche ukitoa majani 16 ya kuchuma, una majani zaidi ya laki moja na elfu saba. Jani la kufungia huchumwa moja moja kuanzia chini, linalazwa kwa uangalifu, linatungwa kwenye uzi, linapandishwa bani, linashushwa, linapangwa kwenye rundo la kuchachusha, linageuzwa, mwisho linachambuliwa kwa rangi, urefu na uzima. Hata tukisema kila jani linashikwa mara sita tu, hiyo ni mishiko zaidi ya laki sita kwa ekari, na kila mshiko ni nafasi ya kuchanika. Kwenye mvuke pia kuna kuchuma na kutunga, lakini jani lililochanika pembeni bado lina soko lake. Huku, mfanyakazi mwenye haraka anakula faida yako yote.

Na mikono hiyo ni ya watu. Jani bichi la tumbaku lenye umande au mvua huvuja nikotini, ikaingia kupitia ngozi: kichwa kinazunguka, tumbo linavurugika, mtu anatapika usiku kucha. Mahali penye wingu ndipo penye umande mrefu. Glavu, makoti ya mvua na maji ya kunawa yawemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na watoto wasiingie humo hata kama ndugu wote wako shambani. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kwenye mahesabu ya tumbaku ninayoonyeshwa, safu ya afya huwa haipo.

Tukija kwenye bani, hapa ndipo jani la kufungia linapopata alama zake. Tumbaku ya mvuke hukauka kwa moto kwa muda wa wiki moja hivi, na kuni zake zimekula miombo ya Tabora kwa miongo. Jani la kufungia hukaushwa kwa hewa, wiki sita hadi nane, bila moto mkubwa. Kuni unaziokoa kweli. Lakini bani moja ya mvuke hujazwa na kumwagwa mara kadhaa katika msimu, ilhali bani ya hewa inashikiliwa na mzigo uleule karibu miezi miwili. Kwa hiyo utajenga mabani mengi zaidi. Tena hewa yenyewe ina masharti. Ikiwa kavu mno, jani linakufa likiwa bado la kijani na rangi hiyo haiondoki. Ikiwa na unyevu mno, linaoza likiwa limening'inia. Urambo na Sikonge mvua hukatika kuelekea Mei, upepo mkavu ukaanza, wakati ndio majani ya mwisho yamepandishwa. Itabidi kumwagia maji sakafu ya bani na kufunga madirisha mchana, kila siku.

Mkulima wa tumbaku ya moshi wa Namtumbo anaweza kudhani yeye yuko karibu zaidi, kwa kuwa amezoea kusubiri jani likauke polepole. Hapana. Anachokijua ni kulikuza jani nene, zito, jeusi, na bani yake imeshiba moshi ambao jani la kufungia litaufyonza. Hata mbolea inatofautiana. NPK 10:18:24 inayotumika kwenye mvuke imepangwa kwa jani linalotakiwa kugeuka njano, yaani naitrojeni kidogo. Jani la kufungia linataka naitrojeni zaidi, na mbolea yenye klorini nyingi inalifanya lisiungue vizuri.

Ukitafuta wingu la asili Tanzania, macho yanakwenda Bukoba, Tukuyu, na miinuko ya Muheza kuelekea Amani. Mawingu yapo, unyevu upo. Lakini ardhi hiyo haikai bure: Bukoba ina migomba, kahawa na vanila, Tukuyu ina chai na migomba, Amani ina iliki, karafuu na pilipili manga. Gharama ya tumbaku pale si mbegu wala mbolea, ni kile utakachong'oa. Mkungu wa ndizi unalisha nyumba hata mnunuzi asipokuja. Isitoshe, mvua ya Tukuyu hupiga jani kwa nguvu ambayo jani jembamba halistahimili.

Historia nayo inatuonya. Wajerumani walishajaribu tumbaku hapa kwetu katika miaka ya 1880, huko Lewa, bara ya Pangani. Vita vya Abushiri dhidi yao vya 1888 vilikatiza kazi, na tumbaku haikuja kushika mizizi kule. Urambo nayo ilipata tumbaku baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kuanguka. Waingereza hao waliuanza mwaka 1947 na kuuacha mapema miaka ya 1950, wakiwa wamefyeka kwanza na kupima mvua baadaye. Hata Deli yenyewe, kule Sumatra lilikotoka jani lililowasumbua Wamarekani, sehemu ya mashamba yake imegeuzwa kuwa ya miwa na michikichi.

Iko pia gharama ya kusubiri. Baada ya bani, jani huchachushwa kwenye marundo makubwa yanayopata joto yenyewe, yanafumuliwa na kupangwa upya kwa miezi, ndipo linapumzishwa. Mwenzako wa mvuke atakuwa ameshauza na kulipa mkopo. Tuseme mkopo wako ni shilingi milioni 3 na riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi: miezi 12 ya ziada ni shilingi 540,000 juu ya deni. Kwa hiyo mkataba ukieleza kwamba kampuni inanunua jani likishakauka tu, na kazi ya kuchachusha ni yake, huo ni mkataba tofauti kabisa na ule unaokutaka ulete jani lililokamilika, hata kama bei ya kilo iliyoandikwa ni ndogo zaidi.

Kwa mkulima wa Urambo, ningebaki kwenye mvuke yenye bani inayokula kuni chache, au ningepunguza tumbaku na kuongeza alizeti na mahindi. Kwa wa Bukoba au Muheza, nisingegusa mgomba wala mti wa viungo. Ningetenga robo ekari ya ardhi iliyolala, kupitia chama cha msingi na kwa idhini ya Bodi ya Tumbaku, mnunuzi akiwa ameshaandika ukubwa wa jani, rangi anazozikubali, na nani atasimamia uchambuzi siku ya kupima. Mbegu yenyewe haisumbui, gramu moja ina maelfu ya mbegu. Majani ya mwanzo yakishakauka, yanyunyizie maji kidogo yalainike, uyanyanyue moja moja dhidi ya mwanga wa dirisha mbele ya mnunuzi huyo, na mhesabu pamoja yaliyo mazima.