Fundi, Usiuze Randa Yako

Seremala wa Msambweni au Diani apatapo kazi Ghuba, hushawishika kuuza vifaa vyake ili atimize nauli. Je, ni busara hiyo? Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mkataba wa kazi una mwisho. Randa, patasi na msumeno ndivyo vitakavyomlisha arejeapo.

Waama, si lazima avibebe vyote. Keekee ya umeme ya kwetu hutumia volti 240, ilhali umeme wa majumbani Marekani ni volti 120. Kwa aendaye huko, keekee hiyo ni mzigo mtupu. Achukue vichache ambavyo mkono wake umevizoea, vyenye makali avitie katika mizigo ya chini ya ndege, na vilivyosalia amwachie mwanagenzi avitumie.

Lakini asisahau majina ya vifaa hivyo. Nayo yamesafiri tangu kale: neno "msumari" tulilipata kwa Waarabu, "randa" kwa Waajemi. Basi walimu wa ufundi wa Kwale na wawafunze vijana majina hayo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Hicho ni kifaa kisichopimwa uzani uwanjani, wala hakiuziki.