Neno Uzima katika Tumaini la Wakristo

Katika Kiswahili, neno uzima limebeba maana tatu kwa pamoja, yaani kuwa hai, kuwa na afya na kuwa kamili pasipo kupungukiwa, kama inavyodhihirika watu wanapojuliana hali kwa kuulizana "U mzima?" au wanapotaja siku nzima na mkate mzima. Wafasiri wa Biblia walilichagua neno hilo, badala ya maisha, walipotafsiri fundisho la uzima wa milele, na uteuzi wao unasaidia sana kueleza kile ambacho Wakristo wanakitumaini.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, lugha yenye neno bios, linaloelekea zaidi maisha kwa maana ya mwenendo na riziki ya mtu, na neno zoe, yaani uhai wenyewe. Injili ya Yohana hutumia zoe pamoja na kivumishi aionios, kinachotokana na aion, yaani zama. Kwa hiyo uzima wa milele ni uhai wa zama za Mungu, usiokoma kwa sababu chemchemi yake ni Mungu mwenyewe. Sura ya 17 ya Injili hiyo huueleza kuwa ni kumjua Mungu na Yesu Kristo aliyemtuma, na kwa hiyo aaminiye huanza kuuonja angali duniani.

Ukamilifu wake, hata hivyo, bado uko mbele, na hapo ndipo imani hii inapoachana na falsafa ya Plato, aliyefundisha kwamba nafsi haifi na kwamba kifo huifungua kutoka katika gereza la mwili. Paulo, alipowaandikia Wakorintho barua ya kwanza yapata mwaka 55, alitetea ufufuo, yaani Mungu kumwinua mtu pamoja na mwili wake, kwa mfano wa mbegu: punje kavu hutiwa udongoni, ganda lake hulainika na kupasuka, kisha huchomoza jani la kijani lisilofanana nayo hata kidogo, ingawa uhai ni wa mbegu ile ile iliyozikwa. Msingi wa hoja yake ni kufufuka kwa Kristo, anayemwita limbuko, yaani zao la kwanza linalobashiri mavuno yote.

Ndiyo maana Wakristo wa kale waliyaita makaburi koimeterion, maana yake mahali pa kulala, na katika mahandaki ya kuzikia ya Priscilla, huko Roma, walichora nanga, ishara ya tumaini lishikalo mahali pasipoonekana. Tumaini hilo halikatazi machozi, kwani Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro. Wala halimruhusu mwamini kuudharau mwili, kwa kuwa kumlisha mwenye njaa, kumwuguza mgonjwa na kumzika maiti kwa heshima ni kuutunza mwili ule ule ulioahidiwa uzima.