Misuli Minyoofu ya Jicho na Tiba ya Makengeza

Mwanafunzi apatapo jicho zima la ng'ombe kutoka machinjioni, kabla hajalipasua kutafuta lenzi, inafaa aligeuze na kuangalia vipande vya nyama nyekundu vilivyoshikamana na ganda lake jeupe. Aghalabu vipande hivyo hukatwa na kutupwa kama uchafu, na somo huendelea. Kumbe hayo ndiyo mabaki ya misuli igeuzayo jicho. Pasipo hiyo, jicho lenye lenzi safi kabisa lingekodoa mahali pamoja tu mpaka kichwa chenyewe kigeuzwe.

Jicho la binadamu lina misuli sita ya kuligeuza. Miwili hulivuta kwa mshazari. Minne iliyobaki huitwa misuli minyoofu, kwa kuwa hutoka nyuma na kwenda mbele moja kwa moja: mmoja juu, mmoja chini, mmoja upande wa pua na mmoja upande wa sikio. Kila mmoja una urefu upatao milimita 40. Yote minne huanzia kwenye pete ya kano iliyo ndani kabisa ya kishimo cha jicho, pale ipitapo neva ya kuonea. Pete hiyo imepewa jina la Johann Gottfried Zinn, Mjerumani aliyeyaeleza maumbile ya jicho katika kitabu chake cha mwaka 1755.

Mbele, misuli hiyo hujishika kwenye sklera, yaani lile ganda jeupe, lakini si kwa umbali ulio sawa. Ule wa upande wa pua hufika karibu zaidi na ukingo wa konea, kiasi cha milimita 5.5, wa chini 6.5; wa upande wa sikio karibu 7; na wa juu 7.7. Tofauti hizi ni ndogo, lakini jicho lenyewe lina kipenyo cha milimita 24 tu. Mzingo wake basi ni kama milimita 75, na milimita moja juu ya uso wake ni sawa na karibu nyuzi 5. Katika mwili ulio hai matokeo hayaifuati hesabu hiyo barabara, kwani msuli hunyumbuka, si kamba; ndiyo sababu wapasuaji hutumia majedwali yaliyotokana na uzoefu. Hata hivyo, hesabu hiyo yaonyesha kwa nini nusu milimita hujadiliwa kwa uzito.

Mtu atazamapo kushoto, msuli wa upande wa sikio wa jicho la kushoto na ule wa upande wa pua wa jicho la kulia hujikaza pamoja, na wapinzani wao hulegea. Amri hiyo hutoka katika ubongo. Ulinganifu huo ukivurugika, jicho moja huenda njia yake, nayo ndiyo makengeza. Kwa watoto wengi misuli yenyewe haina ugonjwa wowote.

Hatari iliyojificha ni kwamba ubongo wa mtoto, ukipokea picha mbili zisizolingana, huipuuza moja. Jicho lisilosikilizwa hupoteza uwezo wa kuona vizuri, ingawa ukilipima ni zima. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa paka wachanga kwamba jicho lililofumbwa kwa muda huachwa na seli za ubongo. Paka mkubwa akifanyiwa hivyo hivyo hadhuriki. Basi umri ndio jambo kuu.

Upasuaji wa makengeza ulianza kwa ujasiri kuliko maarifa. Tarehe 26 Oktoba 1839, mjini Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach alimkata mvulana wa miaka 7 msuli wa upande wa pua, miaka 7 kabla ya etha kuonyeshwa hadharani huko Boston. Jicho lilinyooka, na wapasuaji wengi wa Ulaya wakaiga upesi, pengine upesi mno. Msuli uliokatwa na kuachwa ulirudi nyuma kadiri ulivyopenda, na macho mengi yaliyokuwa yakitazama pua yakaishia kutazama nje. Mwaka 1922 Mmarekani P. C. Jameson alieleza njia ya kuurudisha msuli nyuma kwa kipimo na kuushona kwenye sklera.

Hadi leo kazi hufanywa hivyo. Jicho halitolewi nje, kama wengi waogopavyo, wala ndani yake hapafunguliwi. Mtoto hupewa nusukaputi. Utando mwembamba hukatwa kidogo. Msuli hunyanyuliwa kwa kulabu, hutiwa uzi, hukatwa, kisha hushonwa nyuma zaidi ili udhoofike. Ule ulio mkabala huweza kufupishwa ili uvute zaidi. Nyuma tu ya mahali msuli unapojishika, sklera ina unene wa kama milimita 0.3, na sindano lazima ipite ndani ya unene huo bila kutoboa. Tena, msuli ukivutwa, mapigo ya moyo huweza kupungua ghafla, kwani habari za mvuto huo huufikia ubongo na kurudi kwa neva iupunguzao moyo mwendo. Mara nyingi mpasuaji akilegeza kulabu, moyo hurejea.

Lakini kisu hunyoosha jicho tu. Hakiufundishi ubongo kuona. Watoto wengine huhitaji miwani pekee, na huyo kumpasua ni makosa. Wengine hufunikwa jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile lililopuuzwa lifanye kazi, dawa ambayo Buffon wa Ufaransa aliieleza mwaka 1743. Hufaa zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Mtu mzima naye huweza kunyooshwa macho yake, ila uoni uliopotea utotoni ni vigumu kurudi.

Macho ya mtoto mchanga huweza kutangatanga kwa miezi mitatu au minne ya kwanza. Yakiendelea baada ya hapo, apelekwe kwa mtaalamu wa macho. Na mtoto ambaye mboni yake hung'aa nyeupe, awe ana makengeza au hana, apelekwe siku hiyo hiyo, kwani weupe huo waweza kuwa saratani ya retina.