Je, Wajua? Taifa la Masikio Marefu

Mtengenezaji wa gemu akitaka ujue kwamba huyu unayemwona kwenye skrini si binadamu, kitu cha kwanza humrefushia masikio. Ndivyo walivyo elvi, wale watu wembamba wa msituni wanaojaa katika World of Warcraft, Dragon Age na The Elder Scrolls. Kwa kawaida wanaishi miaka mingi kutushinda, hawazeeki ovyo, na wana lugha yao wenyewe. Kijana wa Chiungutwa anayechezea gemu kwenye simu huku korosho zikianikwa uani anaweza kudhani viumbe wa namna hii wanatoka Ulaya na Marekani tu. Lakini panda kutoka Masasi kuelekea Newala, hadi juu kwenye uwanda wa Wamakonde, uwaulize wazee habari za vinyago. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wana taifa lao la masikio marefu, na lina umri wa miaka sabini hivi tu.

Jina lao ni mashetani. Neno hilo limewaponza, maana msikilizaji wa kanisani na wa msikitini humfikiria Iblisi moja kwa moja. Mchongaji ana mawazo mengine: anawazungumzia wakazi wa porini, wengine wachokozi, wengine wapole, wengine wachekeshaji tu, jamaa za nnandenga, yule pepo wa porini wa hadithi za Kimakonde.

Anayetajwa kuwa wa kwanza kuwatoa katika gogo ni Samaki Likankoa, Mmakonde mwenye asili ya Msumbiji, aliyekuwa akichonga Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba alikuwa anachonga sanamu ya mtu, kiungo kikavunjika. Badala ya kuitupa, akaendelea na kilichobaki, kikatokea kiumbe kisichofanana na mtu wala mnyama. Mfanyabiashara wa vinyago, Mohamed Peera, akakinunua na kumhimiza achonge vingine. Katika muda mfupi wachongaji wengi walikuwa wamelifuata jambo hilo, kila mmoja na mashetani yake.

Kuvunjika kwa kiungo si ajabu kwa anayeujua mpingo. Mti huu, ambao wataalamu huuita Dalbergia melanoxylon, una tabaka la nje lenye rangi ya maziwa na kiini cheusi kizito, kipande chake ukikitupa majini kinazama. Hukua taratibu, tena haukui wima. Magogo yake yamepinda, yana mashimo na nyufa. Mchongaji hulizungusha gogo mkononi kwanza, aone mpindo unaelekea wapi, kisha ndipo tezo ianze kazi, ikifuatwa na patasi, tupa na msasa. Sikio lililochomoza nje ya mwili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu ukipiga patasi ukikata nyuzi za mti linaruka. Kwa mti wa aina hiyo, kiumbe mwenye jicho moja, mguu mmoja na mdomo uliofika shingoni anakubalika kirahisi kuliko binadamu aliyenyooka.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo shetani anapomwacha elvi mbali. Elvi ni binadamu mzuri aliyeongezewa masikio. Mvishe kofia, umempoteza. Shetani huwezi kumficha kwa kofia.

Hata hivyo hakuzuka hewani. Kabla ya mpingo kuuzwa mjini, Wamakonde walikuwa na lipiko, mchezaji aliyevaa barakoa ya mti mwepesi na kufunikwa mwili wote hata ngozi isionekane. Wanawake na watoto waliambiwa huyo si mtu wa hapa. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, Newala na Mahuta, akazishuhudia ngoma za unyago, akanasa sauti za nyimbo kwa mashine, na vitu vingi alivyokusanya vikaishia kwenye makumbusho ya Leipzig. Safari nyingine za barakoa hazikuwa za wazi. Mwaka 1984 wezi waliingia katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, na barakoa moja ya Kimakonde ikaja kuonekana katika makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva. Ilirudishwa mwaka 2010.

Samaki aliwapa mashetani mwili. Aliyewapa kijiji ni George Lilanga, mzaliwa wa Kikwetu, kusini mwa Tanzania, mwaka 1934. Alianza Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kwa kazi ya ulinzi, kisha akashika kalamu, brashi na rangi. Watazame watu wake: masikio kama majani, matumbo mbele, vidole vichache vinene, midomo wazi. Na hawakai bure. Wanapika, wananywa pombe, wanacheza ngoma, wanagombana, wanabeba watoto. Hadi alipofariki mwaka 2005, picha zake zilikuwa zimefika Ulaya, Marekani na Japani. Mbunifu yeyote wa gemu angemwonea wivu: taifa zima lenye sura moja na tabia elfu.

Lugha ndiyo ambayo hakuna aliyewapa.

Kwa elvi, lugha ndiyo iliyotangulia. J.R.R. Tolkien, mwalimu wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alitunga Quenya akiwa ameshikwa na utamu wa Kifini, na Sindarin kwa kuifuata sauti ya Kiwelisi. Hadithi zikaja baadaye, kana kwamba lugha hizo zimejengewa nyumba ya kuishi. Wengi waliomfuata walipita njia ya mkato. Katika World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, mchezaji wa kambi moja akiandika neno, wa kambi ya pili huletewa neno jingine lenye idadi ileile ya herufi kutoka kwenye orodha. Ndiyo maana kicheko cha “lol” cha upande mmoja kilisomeka “kek” kwa wapinzani. Hakuna sarufi pale, kuna kuhesabu herufi tu.

Filamu nazo zimedokoa lugha za watu. Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, rubani wa sayari ya mbali aitwaye Nien Nunb alipewa sauti na mwanafunzi kutoka Kenya, Kipsang Rotich, na sehemu ya maneno yake ni Kikuyu safi. Kwa Wamarekani ilikuwa lugha ya nyota. Kenya watu walimwelewa wakacheka.

Waswahili wana mashine yao ya kutengeneza lugha, na ni ya zamani: kinyume. Mmisionari Edward Steere aliiwekea mifano katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870. Ni Steere huyuhuyu aliyeongoza msafara wa watumwa walioachwa huru kutoka Unguja mwaka 1876, wakielekea Ziwa Nyasa, kundi hilo likaishia kufanya makazi Masasi.

Kanuni ya kinyume ni moja: silabi ya mwisho inakwenda mbele. Masasi inakuwa simasa, Newala inakuwa lanewa, Chiungutwa inakuwa twachiungu. “Nakwenda Newala kesho” ni “ndanakwe lanewa shoke.” Hakuna sauti hata moja ngeni hapo, lakini asiyejua hashiki kitu, kwa sababu mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na ukishahamisha silabi mkazo nao unaangukia mahali pasipotarajiwa. Katika Newala unasikika “wa”. Katika lanewa unasikika “ne”. Sikio linapotea kabla ya akili. Udhaifu wake ni maneno mafupi: “na”, “ya”, “wa” hayana pa kugeukia, hivyo mjanja huanza kuchungulia kupitia hayo, na mzungumzaji hana budi kuongeza kasi.

Ukilinganisha na lugha ile ya Warcraft, kinyume kina faida ya kurudi: kila neno lililogeuzwa linaweza kurejeshwa, kwa hiyo watu wawili wanaongea kweli. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa gemu ya Tales of Kenzera: Zau, inayochota katika hadithi za Kibantu na kuchezeka kwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo njia ya kuingiza lugha yetu ndani ya mashine imeshafunguliwa. Atakayewachukua mashetani wa Lilanga kuwatia kwenye gemu hatahitaji kuajiri profesa. Shetani mgeni atafika mlangoni aseme, “Diho!” Mwenyeji atapanua masikio na kumjibu, “Bukari, tike.”