Fahamu: Kwa nini simu mbovu ni mali, lakini huishia jalalani?

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa. Metali zilizomo zilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 91. Hata hivyo, chini ya robo ya taka hizo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Mali iko wapi?
Tani moja ya simu mbovu ina dhahabu nyingi kuliko tani ya mawe ya migodi mingi. Ila simu moja ina chembe tu. Faida huja zikikusanywa maelfu kwa maelfu, na kuzikusanya ni gharama.

Nani anaumia?
Mnunuzi wa vyuma chakavu hupima kwa kilo, hivyo kinachotafutwa ni shaba. Televisheni ya kichogo huvunjwa, koili ikatolewa, kioo chenye madini ya risasi kikatupwa mtaroni. Waya huchomwa hadi plastiki iishe. Shaba inauzwa, moshi wenye sumu unabaki kifuani mwa kijana aliyeuwasha moto. Gharama hiyo haimo kwenye bei ya kilo.

Nani alipe?
Sheria ya Kenya ya 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inawabebesha wazalishaji wajibu wa bidhaa zao hadi zinapokuwa taka. Ndiyo njia ya haki: aliyefaidika na mauzo achangie usafi. Fedha za mchango huo zimfikie pia mkusanyaji wa mtaani, ili kupeleka waya kiwandani kumlipe kuliko kuuchoma.