Kukatwa Uume: Kinachoondolewa na Kinachobaki

Kuondoa uume kwa upasuaji ni tiba ambayo daktari huiendea kwa sababu chache. Yapo maambukizi makali yanayoozesha nyama za sehemu za siri, ambayo huwapata zaidi wenye kisukari. Yapo pia majeraha ya ajali. Sababu kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni saratani ya uume, na hiyo ndiyo tutakayoifuata hapa.

Kwa wagonjwa takriban 95 katika kila 100, saratani hii huanzia kwenye seli bapa za ngozi, mara nyingi kichwani mwa uume au upande wa ndani wa govi. Ulaya na Amerika Kaskazini ni nadra: humpata chini ya mwanamume mmoja kati ya 100,000 kwa mwaka. Nchini Uganda, katikati ya karne iliyopita, ilikuwa miongoni mwa saratani zilizoongoza kwa wanaume. Govi lililobana lisilofunuka huhifadhi uchafu na kuleta uvimbe sugu, na huo hufungua njia ya ugonjwa. Virusi vya papiloma, hasa aina ya 16, huhusika kwa karibu nusu ya wagonjwa. Tumbaku huongeza hatari, na VVU vilevile. Tohara ya utotoni hukinga sana; ile ya ukubwani haikingi kwa kiwango hicho.

Sasa tuje kwenye kisu. Daktari wa upasuaji haondoi uvimbe peke yake. Hukata pamoja na ukingo wa nyama nzima unaouzunguka, ili seli za saratani zisibaki nyuma. Zamani ukingo huo ulikuwa sentimita 2. Leo kwa wagonjwa wengi milimita chache hutosha, na tofauti hiyo ni kubwa mno kwenye kiungo chenye urefu mdogo. Saratani iliyo kwenye govi tu huweza kuondoka kwa tohara. Iliyo juujuu ya ngozi huweza kutibiwa kwa dawa ya kupaka au mionzi ya leza. Ikiwa imezama kichwani, hukatwa sehemu ya uume, na swali huwa hili: je, kipande kitakachobaki kitamwezesha mgonjwa kukojoa akiwa amesimama na kuuelekeza mkojo wake? Kama hakitoshi, uume huondolewa wote. Mrija wa mkojo huelekezwa kwenye tundu jipya msambani, yaani kati ya korodani na njia ya haja kubwa, na tangu hapo mgonjwa hukojoa akiwa amekaa au amechuchumaa.

Kwa kawaida korodani huachwa. Jambo hili wagonjwa wengi hawalijui, na inasikitisha, kwa kuwa lingewapunguzia hofu. Homoni ya kiume huendelea kutengenezwa: ndevu, sauti na hamu ya tendo la ndoa hazipotei. Manii huweza kutoka kupitia tundu la msambani, na kwa msaada wa hospitali mtu anaweza hata kupata mtoto. Huzuni nayo ni ya kweli. Mgonjwa na mkewe wanahitaji ushauri nasaha kabla ya upasuaji.

Kinachoamua uhai zaidi ni tezi za kinena, mahali ambapo saratani hii hufika kwanza. Zikifikiwa na saratani, nazo huondolewa, na mguu unaweza kuvimba kwa miaka.

Kutengeneza uume mpya kwa ngozi ya mkono kunawezekana. Kupandikiza uume wa marehemu kulifanikiwa kwanza Afrika Kusini, katika Hospitali ya Tygerberg, Desemba 2014. Lakini aliyepandikizwa hutumia dawa za kushusha kinga ya mwili, na dawa hizo si jambo dogo kwa aliyewahi kuwa na saratani.

Ukizipitia hatua hizi zote utaona kwamba ukubwa wa mkato hutegemea siku mgonjwa alipofika. Wengi huficha kidonda kwa aibu, wakanunua dawa za magonjwa ya zinaa dukani mwezi baada ya mwezi. Ndugu msomaji, kidonda au kinundu cha uume kisichopona kwa wiki tatu au nne, hata kama hakiumi, kipeleke hospitali, na uombe kipande cha nyama kichukuliwe kikapimwe.